Alois Alzheimer

Alois Alzheimer (Marktbreit, Bavaria, 14 Juni 1864 – Breslau, 19 Desemba 1915) alikuwa daktari wa magonjwa ya akili na mtaalamu wa maumbile ya ubongo kutoka Ujerumani. Anajulikana hasa kwa kueleza, mwaka 1906, badiliko la ubongo wa mwanamke aliyepoteza kumbukumbu kabla ya uzee. Ugonjwa huo ulipewa jina lake mwaka 1910, na leo ndio chanzo cha kawaida zaidi cha dimenshia, yaani kupungua kwa uwezo wa kukumbuka, kufikiri na kujitunza.

Jambo alilolifanya Alzheimer lilikuwa kuunganisha mambo mawili ambayo madaktari wengi wa wakati wake waliyatenganisha: maneno na matendo ya mgonjwa akiwa hai, na hali ya ubongo wake baada ya kufa. Masalio mawili aliyoyaona kwa hadubini yanajulikana sasa kuwa ni ya protini, nayo ndiyo yanayopimwa na madaktari wa leo ili kuutambua ugonjwa huo mapema.

Utoto na masomo

Alzheimer alizaliwa katika mji mdogo wa Marktbreit, kando ya mto Main, kusini mwa Ujerumani. Baba yake, Eduard Alzheimer, alikuwa mthibitishaji wa hati za kisheria. Mke wa kwanza wa Eduard alifariki kwa homa ya uzazi mwaka 1862, na baadaye Eduard akamwoa mdogo wa marehemu, Theresia Busch. Alois alikuwa mtoto wa kwanza wa ndoa hiyo ya pili. Familia ilikuwa ya Kikatoliki. Ilihamia Aschaffenburg ili watoto wapate shule nzuri ya sekondari, na huko Alois alionyesha bidii zaidi katika masomo ya sayansi.

Alisomea udaktari katika vyuo vikuu vya Berlin, Tübingen na Würzburg. Huko Würzburg alijiunga na chama cha wanafunzi chenye desturi ya kupigana kwa panga, na pambano moja lilimwachia kovu upande wa kushoto wa uso. Baadaye alipendelea kupigwa picha kutoka upande wa kulia.

Alipata shahada ya udaktari mwaka 1887. Tasnifu yake haikuhusu ubongo: ilihusu tezi zinazotengeneza nta ya masikio. Kazi hiyo ilimzoesha hadubini, yaani kukata kipande chembamba cha mwili, kukitia rangi, kukichora na kukieleza bila kuongeza kitu. Ustadi huo ndio uliojenga maisha yake yote ya kisayansi.

Frankfurt

Mnamo Desemba 1888 Alzheimer aliajiriwa katika hospitali ya mji wa Frankfurt iliyohudumia wagonjwa wa akili na wa kifafa. Hospitali hiyo ilijengwa kwa juhudi za daktari Heinrich Hoffmann, ambaye pia alitunga kitabu maarufu cha watoto kiitwacho Struwwelpeter. Jengo lake lilikuwa kubwa na la fahari, hata wenyeji wakaliita ngome ya wendawazimu.

Mkurugenzi wakati huo alikuwa Emil Sioli. Yeye na Alzheimer walikubaliana kwamba mgonjwa wa akili asifungwe kamba wala kubanwa mavazi ya kumzuia isipokuwa pale panapokosekana njia nyingine. Badala yake waliweka kumbi za uangalizi, waliwapa wagonjwa fursa ya kutembea nje, na waliwaogesha kwa muda mrefu katika maji ya vuguvugu ili kuwatuliza. Alzheimer alikuwa na mazoea ya kuketi na wagonjwa, kuwauliza maswali na kuandika majibu yao neno kwa neno.

Mwaka 1889 alijiunga nao Franz Nissl, ambaye tangu akiwa mwanafunzi alikuwa amebuni njia ya kutia rangi seli za neva ili zionekane waziwazi. Mchana madaktari hao wawili walihudumia wagonjwa. Jioni waliketi mbele ya hadubini. Urafiki wao ulidumu hata baada ya Nissl kuhamia Heidelberg mwaka 1895. Kuanzia 1904 walitoa pamoja mfululizo wa vitabu vikubwa kuhusu mabadiliko ya gamba la ubongo katika magonjwa mbalimbali.

Katika miaka hiyo Alzheimer aliandika kuhusu kukakamaa kwa mishipa ya damu ya ubongo, akaonyesha kwamba kunaweza kuharibu akili. Alichunguza pia kifafa, na hasa kupooza kunakoendelea kunakoletwa na kaswende, ugonjwa uliojaza hospitali za akili za Ulaya wakati huo.

Ndoa na familia

Alzheimer alimwoa Cecilie Geisenheimer, mjane tajiri, wakazaa watoto watatu: Gertrud, Hans na Maria. Ndoa hiyo haikudumu, kwa kuwa Cecilie alifariki mnamo Februari 1901. Mdogo wake Alois, Elisabeth, alihamia nyumbani kwake na kuwalea watoto, naye mjane akazidi kuzama katika kazi. Mali aliyoachiwa na mke wake ilimwezesha baadaye kufanya utafiti bila mshahara.

Auguste Deter

Tarehe 25 Novemba 1901 aliletwa hospitalini mwanamke wa miaka 51 aliyeitwa Auguste Deter. Mume wake alikuwa karani wa reli. Ndoa yao ilikuwa tulivu mpaka miezi michache kabla, mke alipoanza kumwonea mumewe wivu bila sababu. Kisha kumbukumbu zikaanza kupotea. Alikosea mapishi aliyoyazoea, alificha vyombo akasahau alipoviweka, alitangatanga ndani ya nyumba yake mwenyewe, na wakati mwingine alipiga kelele kwa hofu.

Kesho yake Alzheimer aliketi naye kitandani. Alipomuuliza jina lake alitaja jina la kwanza. Alipomuuliza jina la ukoo alirudia lilelile. Alipomuuliza jina la mumewe akalitaja tena jina lake mwenyewe. Wakati wa chakula alikuwa akila nyama ya nguruwe na koliflawa, lakini alipoulizwa anakula nini alisema ni mchicha. Alionyeshwa vitu kama kalamu na funguo akavitaja sawasawa, na baada ya muda mfupi hakukumbuka kwamba alionyeshwa chochote. Alipotakiwa kuandika jina lake alianza, akakwama katikati, na akaeleza kwa maneno yake kwamba amejipoteza.

Kwa madaktari wengi wa wakati huo, kusahau kwa namna hiyo kulikuwa jambo la wazee. Wengine walikuona kuwa sehemu ya uzee wenyewe, jambo lisilohitaji uchunguzi. Mgonjwa huyu, hata hivyo, hakuwa mzee, wala hakuwa na dalili za kaswende. Alzheimer aliendelea kuandika hali yake kwa siku kadhaa mfululizo, na kumbukumbu hizo zimehifadhika hadi leo.

Munich

Mwaka 1903, baada ya muda mfupi huko Heidelberg, Alzheimer alimfuata Emil Kraepelin kwenda Munich. Kraepelin alikuwa mtaalamu wa magonjwa ya akili aliyejulikana kuliko wote Ujerumani, naye alimkabidhi maabara ya maumbile ya ubongo katika kliniki mpya. Mwanzoni Alzheimer alifanya kazi hiyo kwa kujigharimia mwenyewe. Mwaka 1904 alikamilisha kazi iliyompa haki ya kufundisha chuo kikuu, iliyohusu namna ya kutofautisha kwa hadubini ubongo ulioharibiwa na kaswende na ule ulioharibiwa na maradhi mengine.

Maabara hiyo ilivuta vijana kutoka nchi nyingi. Inasimuliwa kwamba Alzheimer alipita meza kwa meza akiwaelekeza, sigara kubwa mkononi; aliiweka kando alipoinama kutazama, akaisahau hapo, na jioni kila meza ilikuwa na kipande chake. Kati ya waliopitia kwake walikuwamo Hans-Gerhard Creutzfeldt, Alfons Jakob na Friedrich Lewy, ambao majina yao pia yaliingia katika orodha ya magonjwa ya ubongo, pamoja na Waitalia Gaetano Perusini, Francesco Bonfiglio na Ugo Cerletti.

Alikuwamo pia Mwafrika, Solomon Carter Fuller, aliyezaliwa Monrovia, Liberia, mwaka 1872. Babu yake aliwahi kuwa mtumwa Marekani, akajikomboa na kuhamia Liberia. Fuller alikwenda Marekani kusoma, akapata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Boston mwaka 1897, na mwaka 1904 akaenda Munich kufanya kazi katika maabara ya Alzheimer. Aliporudi Marekani aliendelea kuchunguza ugonjwa huo, na mwaka 1912 alichapisha mapitio ya visa vyote vilivyojulikana, akiongeza kisa cha tisa. Kwa njia hiyo wasomaji wa Kiingereza waliipata habari ya Auguste Deter.

Ugunduzi wa 1906

Alzheimer hakumsahau mgonjwa wake wa Frankfurt. Aliendelea kupata habari zake kutoka kwa Sioli. Auguste Deter alizidi kudhoofika: mwishoni alilala amejikunja kitandani bila kuongea. Alifariki tarehe 8 Aprili 1906, akiwa na miaka 55, kwa sumu ya vidonda vya kulala. Ubongo wake na jalada lake vilipelekwa Munich.

Ubongo ulikuwa umesinyaa. Alzheimer, akisaidiwa na Perusini na Bonfiglio, aliukata vipande vyembamba na kuvitia rangi, akitumia pia njia mpya ya madini ya fedha iliyobuniwa na Max Bielschowsky wa Berlin. Kwa njia hiyo aliona mambo mawili:

1. Ndani ya seli za neva kulikuwa na vinyuzi vilivyonenepa na kujikunja pamoja kama kifundo. Mahali pengine seli yenyewe ilikuwa imekwisha kutoweka, kukabaki kifundo tu. Mabadiliko hayo yalizikumba kati ya robo na theluthi ya seli za gamba la ubongo.
2. Nje ya seli, katika gamba lote, kulikuwa na madoa madogo kama punje za uwele, ya kitu kigeni kilichojikusanya na ambacho asili yake haikujulikana.

Tarehe 3 Novemba 1906 alieleza matokeo hayo mjini Tübingen, katika mkutano wa madaktari wa akili wa kusini-magharibi mwa Ujerumani. Hakuna aliyeuliza swali, na mwenyekiti, Alfred Hoche, akaendelea na mada iliyofuata. Mwaka 1907 taarifa fupi ya mhadhara huo ilichapishwa katika jarida la madaktari wa akili.

Mjadala kuhusu jina

Alzheimer hakuwa wa kwanza kuona madoa hayo. Mwaka 1892 Paul Blocq na Georges Marinesco waliyaona huko Paris katika ubongo wa mzee mwenye kifafa. Katika mwaka uleule wa 1907, Oskar Fischer wa Prague alichapisha uchunguzi wa wazee 16 waliokuwa na dimenshia, akakuta madoa kwa 12 kati yao. Fischer, aliyekuwa Myahudi, aliuawa mwaka 1942 katika gereza la Wanazi huko Terezín, na kwa miaka mingi mchango wake ulisahauliwa. Kilichokuwa kipya kwa Alzheimer ni vile vifundo ndani ya seli, pamoja na umri mdogo wa mgonjwa.

Mwaka 1910 Kraepelin alitoa toleo la nane la kitabu chake cha magonjwa ya akili, na humo akautaja ugonjwa wa Alzheimer kuwa ugonjwa wa pekee unaowapata watu kabla ya uzee. Wakati huo visa vilivyojulikana vilikuwa vichache sana. Wanahistoria wamebishana kwa nini aliharakisha hivyo: wengine wanataja ushindani na maabara ya Prague, wengine haja ya kuonyesha kwamba magonjwa ya akili yana chanzo katika ubongo, wakati nadharia za Sigmund Freud zilipokuwa zikienea.

Alzheimer mwenyewe alikuwa na tahadhari zaidi. Mwaka 1911 alichapisha makala ndefu kuhusu mgonjwa wa pili, anayejulikana kama Johann F., kibarua aliyelazwa Munich mwaka 1907 na kufariki mwaka 1910. Katika ubongo wake alikuta madoa mengi lakini hakukuta vifundo. Alieleza jambo hilo wazi, ingawa lilitia shaka picha iliyokwisha kuandikwa katika kitabu cha mkuu wake. Pia aliona kwamba mabadiliko hayo yanafanana na yale ya wazee, hata ikawa vigumu kusema kwamba ni ugonjwa tofauti kabisa.

Shaka yake ilithibitika baada ya miaka mingi. Kwa zaidi ya nusu karne jina lake lilitumika kwa wagonjwa wa umri wa kati tu, na wazee waliopoteza kumbukumbu hawakuhesabiwa. Mwaka 1968 Gary Blessed, Bernard Tomlinson na Martin Roth wa Newcastle, Uingereza, walionyesha kwamba kwa wazee, kadiri madoa yalivyokuwa mengi ndivyo dimenshia ilivyokuwa kali. Mwaka 1976 Robert Katzman wa Marekani alitetea kwamba ugonjwa wa wazee na ule wa umri wa kati ni mmoja. Tangu hapo ugonjwa uliodhaniwa kuwa adimu ukaonekana kuwa mojawapo ya matatizo makubwa ya afya duniani.

Breslau na kifo

Mwaka 1912 Alzheimer aliteuliwa kuwa profesa wa magonjwa ya akili na mkurugenzi wa kliniki ya Chuo Kikuu cha Breslau, mji ambao leo ni Wrocław nchini Poland. Aliugua safarini, na alipofika alilazimika kulazwa. Maambukizi hayo yaliudhuru moyo wake, naye hakupata nafuu kamili. Hata hivyo aliendelea kufundisha na kuongoza kliniki, hata baada ya Vita Kuu ya Kwanza kuanza. Alifariki tarehe 19 Desemba 1915 kwa kushindwa kwa moyo, akiwa na miaka 51. Alizikwa Frankfurt kando ya mke wake.

Urithi wake katika sayansi

Alzheimer hakuwa na njia ya kujua madoa na vifundo vimefanyizwa na nini. Mwaka 1984 George Glenner na Caine Wong wa Marekani walitenga protini ndogo iitwayo beta-amiloidi kutoka katika mishipa ya damu ya ubongo wa wagonjwa, na muda mfupi baadaye ikathibitika kwamba ndiyo iliyomo katika madoa. Katika miaka hiyohiyo ilionekana kwamba vifundo vimefanyizwa na protini nyingine iitwayo tau. Katika seli yenye afya, tau husaidia kuimarisha mirija inayosafirisha vitu ndani ya neva. Katika ugonjwa huu hubebeshwa fosfati kupita kiasi na kujisokota.

Kwa muda mrefu ugonjwa uliweza kuthibitishwa kama Alzheimer alivyofanya tu, yaani baada ya kifo. Hali hiyo ilibadilika kwa sababu ya viashiria vya kibiolojia, yaani vipimo vinavyoonyesha protini hizo kwa mtu aliye hai:

- Maji ya uti wa mgongo. Kwa mgonjwa, aina moja ya beta-amiloidi hupungua katika maji hayo, kwa kuwa inanasa katika ubongo, wakati tau huongezeka.
- Picha za ubongo. Mgonjwa hudungwa dawa yenye mnururisho kidogo inayoshikamana na amiloidi, kisha kamera huonyesha mahali ilipokusanyika. Mtu wa kwanza alipigwa picha ya namna hiyo huko Uppsala, Uswidi, mwaka 2002.
- Damu. Tangu takriban 2020 umepatikana uwezo wa kupima katika damu aina ya tau iitwayo p-tau217. Mnamo Mei 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha kipimo cha kwanza cha damu cha kusaidia kuutambua ugonjwa huu.

Vipimo hivyo vimeonyesha kwamba amiloidi huanza kujikusanya miaka 15 au zaidi kabla ya mtu kuanza kusahau. Vimeonyesha pia kwamba kupungua kwa akili hufuata zaidi kuenea kwa tau kuliko wingi wa amiloidi. Kuna wazee wenye madoa mengi ambao bado wana akili timamu. Ndiyo maana kipimo peke yake hakitoshi: daktari bado anapaswa kuketi na mgonjwa, kumuuliza maswali na kuwasikiliza ndugu zake.

Kutambua mapema kuna maana zaidi tangu zilipopatikana dawa zinazoondoa amiloidi, kama lecanemab, iliyopata idhini kamili Marekani mwaka 2023, na donanemab, iliyoidhinishwa huko mwaka 2024. Hutolewa kwa wagonjwa walio katika hatua za mwanzo tu. Hupunguza kasi ya ugonjwa kwa kiasi, haziuponyi, na zinaweza kusababisha uvimbe au kuvuja kwa damu katika ubongo.

Jalada lililopatikana

Jalada la Auguste Deter lilidhaniwa limepotea, mpaka Desemba 1995 Konrad Maurer na wenzake walipolikuta katika kumbukumbu za kliniki ya Frankfurt, likiwa na maandishi ya Alzheimer mwenyewe na jaribio la mgonjwa la kuandika jina lake. Miaka michache baadaye Manuel Graeber na wenzake waliripoti kupatikana huko Munich kwa vioo vya hadubini vyenye vipande vya ubongo wake na wa Johann F. Walipovitazama upya waliona madoa na vifundo kama Alzheimer alivyovieleza, na kwa Johann F. madoa peke yake. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba katika vipande vya Auguste Deter limepatikana badiliko la jeni liletalo ugonjwa huo mapema, lakini uchunguzi mwingine wa mwaka 2014 haukulithibitisha.

Nyumba aliyozaliwa Alzheimer huko Marktbreit sasa ni makumbusho. Tarehe 21 Septemba kila mwaka huadhimishwa kama Siku ya Alzheimer Duniani.